Mtini wa Uani: Urithi wa Miti ya Ukoo Katika Pwani ya Tanga

Tunapotaja urithi wa taifa, fikira za wengi wetu huelekea kwanza kwenye ngoma, mavazi, mashairi, misemo na magofu. Ndivyo tulivyofunzwa, wala si vibaya. Tangu serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, kazi kubwa imefanywa ya kukusanya na kuhifadhi mambo hayo. Lakini upo urithi mwingine usiopatikana katika makumbusho wala maktaba, kwa sababu hauwezi kuwekwa kabatini. Urithi huo ni mti wa matunda ulioachwa na wazee. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa pwani ya Tanga walivyorithi miti yao, walivyoitunza na walivyogawana. Tutaanza na mti mmoja tuujuao vizuri, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa na mkono katika kuupoteza.

Nyumbani kwa bibi yetu mzaa mama, katika mji wa Pangani, palikuwa na mtini uani. Mtini si mti wa kila kiambo katika pwani yetu. Unyevu na mvua hupasua tini kabla hazijaiva sawasawa, na ndege na popo humaliza zilizosalia. Jina lake hujulikana zaidi chuoni kuliko sokoni, maana Sura ya 95 ya Qur'ani inaitwa kwa jina la tunda hilo. Kwa hiyo mtini uliozaa vizuri ulikuwa fahari ya nyumba. Tulihadithiwa kwamba ulipandwa na babu yake bibi, kutokana na kijiti cha tawi alicholetewa na baharia. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuuparamia. Tini zilipoiva, bibi alizichuma mwenyewe alfajiri, na kila mtoto akapewa moja katika kisahani.

Bibi alikuwa na desturi yake. Kila binti wa jamaa alipoolewa na kuhamia mji mwingine, alikatiwa kijiti cha mtini, kikafungwa katika kitambaa kibichi, kikatiwa ndani ya mizigo ya bi harusi. Wajomba zetu hawakuipenda desturi hiyo. Walisema kwamba kila mtu akiwa na mtini, mtini wa nyumba hii hautakuwa na heshima tena. Bibi aliwasikiliza, akanyamaza, na harusi iliyofuata akakata kijiti kingine.

Bibi alipofariki, amri ya uani ikawa ya wajomba. Wakati huo sisi tulikuwa tumeanza kazi ya ukarani serikalini, tukaja Pangani kwa likizo. Jioni moja tulikuwa peke yetu nyumbani, akaja bi kizee wa mtaa wa pili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaomba kijiti kimoja cha mtini, kwani mjukuu wake alikuwa anajenga. Tungeweza kuinuka tukamkatia. Badala yake tukamjibu, "Bibi, mti huu una wenyewe." Bi kizee akasema, "Haya, mwanangu. Mungu awabarikie mti wenu." Akaenda zake polepole, mkono ukutani.

Haikupita miaka mingi, warithi wakagombana juu ya nyumba. Nyumba ikauzwa, fedha zikagawanywa. Aliyenunua akataka kuongeza vyumba nyuma, na mtini ukakatwa. Hatumlaumu mnunuzi, kwa kuwa yeye alinunua kiwanja. Tunajilaumu sisi tuliodhani kwamba kulinda ni kunyima.

Ili tuelewe kosa hilo, inatupasa tutazame historia ya miti yetu. Matunda mengi tunayoyaita ya kwetu yalifika hapa kwa bahari, mikononi mwa watu waliogawiana. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu alikirimiwa chakula pamoja na achari ya malimau na ya embe mbichi, na kwamba embe zikiiva huwa tamu sana. Alipofika Mombasa aliona migomba na milimau, na tunda lenye kokwa lifananalo na zeituni, ambalo jina alilolitaja, jamuni, ndilo jina la zambarau katika Bara Hindi. Basi karibu miaka 700 iliyopita, meza ya mtu wa pwani ilikuwa tayari imekusanya matunda ya nchi mbalimbali.

Habari iliyo karibu zaidi na Tanga ni ya mwezi wa Aprili 1498. Merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikielekea Mombasa, na mojawapo, iliyoitwa São Rafael, ikakwama katika mwamba wa pwani hii, milima ya Usambara ikionekana kwa mbali. Kitabu cha safari hiyo kinaeleza kwamba, maji yalipokupwa, mitumbwi miwili iliwaendea wageni wale, na mmoja ulikuwa umejaa machungwa mazuri, bora kuliko ya Ureno. Walipokuwa wakirudi kwao, mwezi wa Januari 1499, Wareno waliichoma moto merikebu ile ile katika pwani hii hii, karibu na Mtangata, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Mtangata ndiyo Tongoni ya leo, mwendo wa kilomita 17 hivi kusini ya jiji la Tanga, ambako magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo yangalipo.

Wanafunzi wetu huyajua majina ya Wareno wale. Wale waliopakia machungwa mtumbwini hawatajwi kwa jina hata mmoja. Hata hivyo, tukiangalia malori ya machungwa yanayotoka Muheza katika msimu, tunaweza kuuliza ni nani aliyeacha alama kubwa zaidi katika nchi hii. Merikebu iliungua ikawa majivu. Ukulima wa mchungwa ungalipo. Hatusemi kwamba michungwa ya Muheza ni uzao wa michungwa ya Mtangata, maana miche mingi mipya imeingia baadaye. Tunasema kwamba kumpa mgeni chungwa, na kumpa jirani mche, ni mambo ya kale katika pwani hii, nayo yametangulia dola zote zilizokuja kututawala.

Sasa tuangalie mirithi. Katika desturi ya pwani, mti na ardhi ni mali mbili. Mtu aweza kuwa na mnazi katika kiwanja cha mwingine, akauchuma, akauweka rehani, akauuza au akauachia warithi wake. Wako pia waliotoa minazi kuwa wakfu, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti. Mwenye miti akifariki, sheria ya Kiislamu huigawa kwa hesabu iliyo wazi. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na shamba la minazi 40. Mjane hupata thumni, yaani minazi 5. Iliyobaki 35 hugawanywa mafungu 7, kwa kuwa mwana wa kiume huhesabiwa mara mbili ya binti. Kila binti hupata minazi 5, na kila mwana wa kiume minazi 10. Hesabu imetimia, wala hapana aliyedhulumiwa.

Lakini mtini mmoja utagawanywaje? Mti mmoja wa ukoo una thumni ngapi? Hapo ndipo hesabu ya mali inapofika ukingoni. Kila kizazi kinachopita, warithi huongezeka na fungu hupungua, hata mtu hurithi robo ya thumni ya mwembe mmoja. Mti wenye wenyewe 20 huchumwa na wote na haupaliliwi na yeyote. Tumeona miembe ya aina hiyo ikiuzwa kwa mchoma mkaa ili fedha zigawanyike, kwa kuwa fedha hukatika vipande na mwembe haukatiki.

Mabadiliko ya nchi nayo yaliigusa miti hii. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa kuhamia vijijini, familia nyingi za nchi yetu ziliacha viambo vya zamani, na wengi waliendelea kurudi mahameni kuchuma miti ya wazee wao. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatambua kwamba mtu anayeondolewa katika ardhi kwa ajili ya manufaa ya umma anastahili fidia ya alichoendeleza, na miti imo katika hesabu hiyo. Hayo ni haki. Walakini fidia hulipa mti kwa umri wake na mazao yake. Haiwezi kulipa aina ya mti ikiwa aina hiyo haikupandwa mahali pengine.

Hapa tunafikia mirithi ya pili, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Mti ukirithiwa kama mali, kila anayeongezeka hupunguza. Ukirithiwa kama mbegu, kila anayeongezeka huzidisha. Wazee walilijua jambo hili kwa vitendo. Walijua kwamba kokwa ya embe nyingine huotesha mche usiofanana na mamaye, na nyingine huchipua miche kadhaa kutoka kokwa moja, ambayo huwa na sifa za mama. Ndiyo sababu majina kama dodo, boribo na sikio la punda yaliweza kuhama kutoka mji hadi mji yakiwa na maana. Siku hizi miche iliyobebeshwa hutuondolea shaka hiyo. Mtini ni mwepesi zaidi: kijiti chenye unene wa kidole na urefu wa shibiri, kikatwe chini ya pingili, kiachwe utomvu ukauke, kipandwe kivulini mwanzo wa masika, na udongo usiachwe ukakauka. Kijiti hicho hakiwi mtoto wa mtini. Ni mtini wenyewe, umehamia mahali pengine.

Nguvu ya jambo hili imeonekana katika jamaa za mtini kote Afrika. Mkuyu, ambao hapa kwetu huota wenyewe kando ya mito, huzaa mbegu kwa msaada wa nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya kuyu. Katika Misri ya kale mkuyu ulikuwapo, lakini nyigu yule hakuwapo, na kwa hiyo makuyu yake hayakuwa na mbegu zinazoota. Wamisri waliula mkuyu, wakapumzika kivulini mwake na wakachonga majeneza kwa mbao zake. Kwa maelfu ya miaka mti huo uliishi huko kwa njia moja tu, yaani mtu kukata tawi na kulipanda. Lau kizazi kimoja kingekataa kukata, mkuyu wa Misri ungekwisha.

Huko Uganda, Waganda hupanda mutuba, ulio wa jamii hiyo hiyo, kwa vijiti vya matawi. Fundi hubandua gome lake, huliponda kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo, na shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Mti mmoja huweza kuvisha watu mwaka baada ya mwaka pasipo kufa. Shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Jambo la kuzingatia ni kwamba ufundi ulihifadhiwa kwa sababu mti ulipandwa, na mti ulipandwa kwa sababu ufundi ulihitajiwa.

Pwani yetu ina mfano mwingine, ambao una upande wa uchungu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62, kwa kugawa machipukizi tu, mashamba yalienea Tanga yote na kwingineko, hata Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, wakakusanya mimea ya pande nyingi za dunia. Walijua vizuri thamani ya mche. Lakini mkonge uligawiwa kwa ajili ya faida ya mwenye shamba, na jasho likawa la manamba. Miche ya bi harusi wa Pangani haikuandikwa katika daftari lolote, wala haikumtajirisha mtu, ila ilimfikia kila aliyeihitaji.

Ipo mirithi ya tatu, nayo ni ya lugha. Mtu wa pwani hakuitwi mjuzi wa mnazi kwa kujua nazi peke yake. Ajue kidaka, kitale, dafu, koroma, hata nazi kamili. Ajue makuti, karara na makumbi. Kila jina lina kazi yake, na asiyejua jina hajui wakati wa kuchuma. Tangu zamani minazi ya pwani hii imeshambuliwa na maradhi yanayopukutisha nazi changa, yanageuza majani kuwa manjano, na mwishoni kilele huanguka, gogo likabaki limesimama kama nguzo ya gofu. Watafiti wa nchi yetu walipojaribu aina nyingi za minazi, nyingi zilizoletwa kutoka nje zilikufa, na minazi mirefu ya hapa ikaonekana kutofautiana, baadhi ikistahimili zaidi kuliko mingine. Maana yake ni kwamba huenda dawa imo katika shamba la mzee fulani asiyejulikana. Mzee huyo akifa na majina ya minazi yake, mtafiti atatafuta wapi?

Sisi tulio watunzi wa mashairi tunalifahamu jambo hili kwa upande wetu. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhry juu ya vita vya Wadachi ulitungwa karibu na wakati wa vita vyenyewe, Abushiri aliponyongwa huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Ulichapwa katikati ya karne ya 20, miaka mingi baadaye. Katika muda huo wote uliishi mikononi mwa watu walioupenda, waliounakili na kuupokezana. Lau mwenye karatasi angeifungia sandukuni kwa kuhofia kwamba wengine wataufahamu utenzi wake, mchwa wangekuwa ndio wasomaji wake wa mwisho.

Turudi sasa kwenye mtini. Miaka mingi baada ya nyumba kuuzwa, tulikwenda Mkwaja kumzika jamaa. Tulipoingia uani kwa mama yetu mdogo, ambaye bibi alimkatia kijiti siku ya harusi yake, tuliuona mtini karibu na mahali pa kuoshea vyombo, umenyweshwa maji ya jikoni muda wote huo. Majani yalikuwa yale yale, na tini zilikuwa zile zile. Tulisimama tukashindwa kusema. Tulikuwa tunajiandaa kuomba, tukikumbuka jibu tulilompa bi kizee. Mama mdogo hakungoja kuombwa. Alichukua kisu akakata vijiti vitano, akavifunga katika kipande cha kanga kilicholowa, akasema, "Chukueni. Mama alinipa ili nami nitoe."

Vijiti vitatu vilishika. Kimoja tulikipanda kwetu Tanga. Cha pili tulimpelekea binamu aliyekuwa akigombana na sisi juu ya nyumba, na tangu siku hiyo tunaamkiana. Cha tatu tulikipeleka Pangani, katika mtaa ule wa pili. Bi kizee alikwisha fariki. Mjukuu wake alitupokea vizuri, ingawa hakuelewa kwa nini watu wazima wamemletea mche bila ya kuombwa, nasi tulipomweleza alicheka kidogo, akaenda kutafuta jembe.

Walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya wanaweza kufanya kazi ambayo haihitaji fedha za serikali. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake mti mmoja wa ukoo wao: jina lake, aliyeupanda, ulikotoka, jinsi unavyooteshwa, na nani wengine waliogawiwa. Asiyepata wa kwao aulizie kwa jirani. Kisha shule iwe na kitalu, na kila mti ulioandikwa uwe na mche wake hapo, wenye kibandiko cha jina. Mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne, aondoke na mche usiokuwa wa kwao, na aache wa kwao kwa wenziwe.

Tukifanya hivyo, hata kiambo kikiuzwa, barabara ikipita au ukoo ukitawanyika, mti utakuwa na mahali pa kurudiwa. Sisi tulisema kwamba mti una wenyewe. Maneno hayo yalikuwa kweli, ila hatukujua kwamba bi kizee aliyesimama mlangoni alikuwa mmoja wao.